Uulize ubao kwanza: hotuba kwa wapasua mbao na mafundi, Mafinga

Hii ni hotuba niliyoitoa Mafinga kuhusu kutia mbao dawa ya borati, mbele ya wapasua mbao, maseremala, mafundi wa kuezeka na wenye maduka ya mbao. Wengi mlikuwa msituni siku ile, mkaniomba niiweke yote. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha. Maneno ni yaleyale.

Kamwene!

Kamwene tena, maana wa nyuma sijawasikia.

Wazee wangu, mama zangu mnaouza mbao, mafundi, na nyinyi vijana wa dingdong, zile mashine za kupasulia magogo, mliokuja na vumbi la msumeno bado mabegani, ahsanteni kwa kuacha kazi na kuja kukaa hapa. Najua mashine ikizima nusu siku ni hela imepotea. Kwa hiyo nitaanza na swali, na naomba mikono. Nani hapa amewahi kuuza mbao, halafu miaka mitatu minne baadaye mteja akampigia simu na kusema, "Ndugu, zile mbao zako zimeliwa"?

Naona mikono mingi. Na wengine mmeificha, lakini nyuso zimesema.

Nilipelekwa kwenye nyumba moja Kigamboni, ya mwalimu mstaafu. Kiinua mgongo chake chote kilikuwa kwenye ile nyumba. Juu ya meza yake ya chakula alikuwa anafuta kila asubuhi punje ndogondogo, kama mchanga, zinazodondoka kutoka darini. Anafuta leo, kesho zipo. Alidhani ni vumbi la singibodi. Ndugu zangu, ule haukuwa mchanga. Ulikuwa kinyesi cha mchwa wa mbao kavu, yule asiyejenga kichuguu wala njia ya udongo, anayeishi ndani ya ubao wenyewe na kunywa unyevu uleule mdogo uliomo. Tulipopanda kwenye kenchi, ile fremu ya mbao inayobeba paa, nilibonyeza papi moja, ubao unaopigiliwa bati, kwa kidole gumba na kidole kikazama. Nje ubao, ndani utupu. Na zilipakwa nini zile mbao? Oili chafu. Oili ya gari iliyomwagwa, ikapakwa kwa brashi siku ya kuezeka. Mbao zenyewe zilitoka wapi? Zilitoka huku kwetu.

Oili chafu inafanya ubao uwe mweusi. Haifanyi zaidi ya hapo. Inakaa juu, milimita moja au mbili, na mchwa wa mbao kavu anaingilia penye ufa, penye tundu la msumari, penye maungio. Akishapita ile ngozi nyeusi, huko ndani hakuna kinachomzuia.

Basi leo nimekuja kuzungumzia borati. Na lipo jambo moja tu nililokuja kulisema, nitalirudia hata mkinichoka: kabla hujauliza bei ya dawa, uulize ubao kwanza. Uulize, una maji? Uulize, utanyeshewa? Na ukishamaliza kuutia dawa, uulize, imeingia kiasi gani?

Borati ni chumvi za boroni, madini yanayochimbwa ardhini. Akiba kubwa kuliko zote duniani iko Uturuki, na machimbo mengine makubwa yako California, Marekani. Nyinyi mnaidhani ngeni, lakini si ngeni. Waliofanya kazi Chunya au Geita wanaijua boraksi, ndiyo inayotiwa kwenye chungu cha kuyeyushia dhahabu ili taka zijitenge. Masonara wanaitumia kuungia mkufu. Na wenye mashamba ya parachichi Njombe wananyunyizia boroni kwenye majani wakati wa maua. Ni jamii moja ya kitu. Ila kwenye mfuko majina ni tofauti, na hapo ndipo watu wanapopotea.

Kuna boraksi. Kuna asidi ya boriki. Na kuna oktaborati, kwa jina lake refu disodiamu oktaborati tetrahidrati. Zote tatu ni unga mweupe, hazinuki, hazitii ubao rangi, hazili misumari. Ukiziweka viganjani huwezi kuzitofautisha. Lakini ndani yake boroni si sawa! Boraksi ya kawaida ina boroni asilimia 11 na kidogo. Asidi ya boriki ina asilimia 17 na nusu. Oktaborati ina karibu asilimia 21. Kwa hiyo kilo moja ya oktaborati inafanya kazi ya kilo 1.2 ya asidi ya boriki, na kilo moja ya boraksi inafanya kazi ya gramu 650 tu za hiyo asidi. Mkiambiwa boraksi ni rahisi, msikimbilie kulipa. Gawanyeni bei kwa boroni iliyomo, ndipo mtajua rahisi ni ipi. Na mwenye kununua boraksi asome vizuri, kuna iliyoandikwa dekahidrati na kuna pentahidrati. Pentahidrati ina maji kidogo ndani yake, boroni yake inakaribia asilimia 15.

Sasa, kwa nini oktaborati ndiyo inayopendwa na watu wa mbao? Si kwa ajili ya nguvu peke yake. Ni kwa sababu inayeyuka. Boraksi peke yake, kwenye maji ya nyuzi 20, haizidi asilimia 5. Asidi ya boriki peke yake, vilevile, haizidi 5. Lakini oktaborati inafika karibu asilimia 10 kwenye maji hayohayo. Na hapa nisikilizeni vizuri, maana huu ni msaada wa bure: boraksi na asidi ya boriki zikichanganywa kwa uzito wa moja na nusu kwa moja, hasa 1.54 kwa 1, zinageuka kuwa oktaborati palepale majini. Huna haja ya kutafuta mfuko wa oktaborati kama haupatikani. Kilo 9 na robo ya boraksi dekahidrati, kilo 6 za asidi ya boriki, lita 85 za maji, umepata kilo 100 za dawa ya asilimia 10. Andikeni. Nasubiri.

Mmeandika? Haya.

Turudi kwenye swali la kwanza. Ubao una maji?

Watu wengi wanaamini ubao lazima ukauke kwanza ndipo utiwe dawa. Kwa dawa zinazosukumwa kwa presha kwenye mtungi, ni kweli. Kwa borati ya kuchovya, ni kinyume chake kabisa! Borati inasafiri kwenye maji. Inatoka penye wingi kwenda penye uchache, polepole, ikifuata unyevu uliomo kwenye ubao mpaka kwenye kiini. Anayehifadhi samaki kwa chumvi humpaka akiwa mbichi ili chumvi ifike mfupani, na ubao wako ni vivyo hivyo. Ukiwa umetoka kwenye msumeno leo, una unyevu wa asilimia 50, 80, wakati mwingine zaidi ya 100 kwa uzito wa ubao mkavu. Hapo ndipo mlango uko wazi. Ukishashuka chini ya 40, mlango unaanza kufungwa. Ukifika 20, dawa ya maji itakaa nje kama ile oili ya Kigamboni.

Nani basi mwenye nafasi nzuri kuliko wote ya kutia borati? Si fundi wa Dar es Salaam. Ubao ukifika Buguruni umeshaanza kukauka. Si mwenye nyumba. Ni wewe hapa mwenye dingdong! Ni wewe unayepasua gogo asubuhi na kupanga mbao mchana. Mnaipa nchi hii mbao za paini za Sao Hill na za mashamba ya wananchi, na ile saa moja ambayo dawa inaingia kirahisi iko mikononi mwenu. Hakuna mwingine atakayeipata tena.

Nyuzilandi walilitambua hili zamani. Nchi yao, kama Mufindi, imejaa misindano ya kupandwa. Tangu miaka ya 1950 walianza kuchovya mbao mbichi kwenye borati moto kwenye vinu vya mbao, wakazipanga zikibanana, wakazifunika, wakaziacha dawa isafiri. Nyumba zikasimama. Kisha mwaka 1998 kanuni zao za ujenzi zikaruhusu mbao za paini zisizotiwa dawa, mradi zimekaushwa kwenye tanuri. Hoja ilikuwa ubao mkavu hauozi. Ni kweli, ubao mkavu hauozi. Lakini je, nyumba inabaki kavu siku zote? Wakati huohuo walikuwa wanajenga kuta za plasta zisizo na upenyo wa hewa, paa zisizo na upenu. Maji yakapenya, yakakosa pa kutokea, na mbao zisizo na dawa zikaoza ndani ya kuta. Mwaka 2009 ilikadiriwa kuwa nyumba kama 42,000 zimeathirika, na gharama ikakadiriwa dola za kwao bilioni 11.3. Mwaka 2004 walikuwa wamesharudisha dawa kwenye mbao za fremu za nyumba, na borati ikarudi kazini. Watu waliouza nyumba zao kwa hasara, wazee waliokuwa wamemaliza kulipa mikopo, familia zilizohamia kwa ndugu. Nawaambia haya kwa sababu na sisi tunaanza kujenga hivyohivyo: paa zilizofichwa nyuma ya ukuta, upenu umeondolewa kwa ajili ya urembo, na mfereji wa bati unaovuja ndani ambako hakuna anayeona.

Sasa, kuchovya kwenyewe kunataka subira. Ukishatoa ubao kwenye dawa, usiupange na vijiti katikati kama unavyopanga wa kukauka. Ubananishe, ubao juu ya ubao, kisha funika lundo lote kwa nailoni au turubai lisilopitisha hewa, chini na juu. Jua lisiukaushe, mvua isiuoshe. Kiasi cha mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene. Ubao wa inchi moja, wiki nne. Wa inchi mbili, wiki nane. Ndipo unafungua, unaweka vijiti, unakausha. Mtaona ukungu mweusi juu ya mbao chini ya nailoni. Borati haiuwezi vizuri ukungu wa juu, kwa hiyo anayeuza mbao za samani anahitaji kuongeza dawa ya ukungu kwenye pipa. Wa kenchi asihangaike, ukungu huo haupunguzi nguvu ya ubao.

Najua mnachosema moyoni. Wiki nane! Hela yangu ikae chini ya turubai wiki nane? Ndiyo. Na uuze ubao huo kwa bei yake. Mteja aliyelia mara moja juu ya kenchi iliyoliwa hatabishana nawe juu ya tofauti hiyo.

Kuna kijana mmoja, hayupo mbali na hapa, alifanya kila kitu vizuri isipokuwa moja. Alichanganya dawa mchana, jua kali, ikayeyuka yote, akafurahi. Ilikuwa mwezi wa saba. Mnaijua baridi ya Mufindi ya mwezi wa saba. Asubuhi akakuta chini ya pipa kuna tabaka jeupe gumu kama chokaa. Akampigia muuza dawa, wakagombana, akisema ameuziwa dawa iliyochanganywa na mchanga. Hapakuwa na mchanga. Oktaborati kwenye nyuzi 20 inayeyuka karibu asilimia 10, lakini kwenye nyuzi 10 haifiki hata 5! Nusu ya dawa yake ilikuwa imejiganda sakafuni mwa pipa, na mbao alizochovya asubuhi ile zilikuwa zinapata nusu dawa. Dawa ni hiyohiyo: Dar es Salaam kwenye nyuzi 30 inayeyuka zaidi ya asilimia 20, ukiipasha moto ikafika 50 inapita 30. Kwa hiyo huku nyanda za juu moto si anasa. Jengeni jiko chini ya tangi la chuma, maranda ya kuni mnayo bure. Na msitumbukize ubao kabla hamjaangalia sakafu ya tangi.

Nani ana ubao mkavu tayari? Fundi uliyeitwa kwenye nyumba ambayo bungua, wale wadudu watoboao mbao, wameshaingia? Hapo oktaborati ya maji ni msaada mdogo. Kuna borati zilizoyeyushwa kwenye glaikoli, kimiminika kizito kinachopenya ubao mkavu vizuri zaidi kuliko maji. Ni ghali, lakini kwa kenchi iliyokwisha kufungwa ndiyo chaguo, pamoja na kutoboa matundu na kusukumia dawa ndani kwa bomba la sindano. Na kuna vijiti vya borati, vigumu kama kioo, vinavyopigiliwa kwenye tundu katika fremu ya dirisha au mguu wa nguzo ya baraza, kisha tundu linazibwa. Ubao ukibaki mkavu kijiti kinalala tu. Ubao ukilowa, kijiti kinayeyuka na kupeleka dawa palepale penye hatari ya kuoza. Ipo pia borati ya zinki, ila hiyo ni ya viwanda vya mbao za kubandika, inachanganywa na gundi. Si ya pipa lako, usiuziwe.

Swali la pili. Utanyeshewa?

Hapa sitarefusha, kwa sababu jibu ni fupi na watu hawalipendi. Borati iliyoingia kwa maji hutoka kwa maji. Haijifungi kwenye ubao. Mama mmoja mfugaji alishauriwa na fundi achovye nguzo za banda la kuku kwenye boraksi, kwa sababu "haina sumu kali na kuku watapona". Kuku walipona. Nguzo zilifukiwa kwenye udongo, mvua mbili za masika zikapita, dawa yote ikaingia ardhini, na nguzo zikaliwa kuanzia kwenye usawa wa udongo. Yule fundi hakuwa mwongo, borati ni nzuri kweli. Ila hakuuliza ubao unakwenda kukaa wapi.

Nguzo za umeme, nguzo za uzio, daraja, gati, mbao za kizimba cha ng'ombe, hizo si za borati. Hizo ndizo za kreosoti au zile za kijani za shaba, kromiamu na aseniki zinazotiwa kwa presha kwenye viwanda vya nguzo mnavyopita kila siku barabarani. Borati ni ya ndani na ya chini ya paa: kenchi, papi, dari, fremu za milango ya ndani, makabati, vitanda. Fisha boda, ule ubao wa ukingo wa paa, je? Ikipakwa rangi vizuri pande zote na kutunzwa, inawezekana. Ikiachwa wazi, hapana.

Na msidhani kwamba ya kijani ndiyo bora kwa kila kitu. Aseniki ni aseniki. Vipande vyake watu wanapikia, wakivuta moshi wake. Ubao wa kenchi usionyeshewa hauhitaji aseniki juu ya kichwa cha mtoto anayelala.

Sasa swali la tatu, nalo ndilo linalonikosesha usingizi. Imeingia kiasi gani?

Hawaii wana mchwa mbaya sana, Coptotermes formosanus, ambaye kundi lake moja linaweza kubomoa nyumba. Kwa Marekani yote penye mchwa wa kawaida, ubao wa nyumba unaotiwa borati unatakiwa ubebe kiasi cha kilo 4 za oktaborati kwa kila mita ya ujazo. Kwa mchwa yule wa Hawaii, kiasi cha kilo 6.7. Ndugu yake yuko kwetu, Coptotermes amanii, jina lake limetoka Amani kule Tanga. Sasa fanyeni hesabu nami. Ubao wa mbili kwa nne, futi 12, vipande 55 hivi ndiyo mita ya ujazo. Kilo 4 kugawa 55 ni gramu 73 kwa ubao mmoja. Kilo 6.7 ni kama gramu 120.

Ubao huo una uso wa mita ya mraba moja na kidogo. Ukiuchovya na kuutoa, mara nyingi haubebi zaidi ya robo lita. Robo lita ya dawa ya asilimia 10 ina gramu 25. Gramu 25! Unatakiwa 73. Umefanya theluthi ya kazi, ukasema umetia dawa. Lakini robo lita hiyohiyo ya dawa ya asilimia 30, iliyopashwa moto, ina gramu 75. Mmeona? Ubao ni uleule, pipa lilelile, kuchovya kulekule. Kilichobadilika ni moto na kipimo. Kwa asilimia 30 mnahitaji kilo 28 za boraksi, kilo 18 za asidi ya boriki na lita 54 za maji, na joto lisishuke chini ya 50. Asiye na moto aloweke ubao siku kadhaa kwenye ile ya asilimia 10, na apime: uzito kabla, uzito baada. Mizani haibembelezi mtu.

Na nitasema jambo ambalo wengine hamtalipenda. Mjini kuna mbao zinazochovywa kwenye rangi ya kijani tu, maji na rangi, zikauzwa kwa jina la mbao zenye dawa. Mnajua, nami najua. Borati haina rangi, kwa hiyo udanganyifu wake ni rahisi zaidi: ubao uliochovywa kwenye maji ya kisima unafanana kabisa na uliochovywa kwenye oktaborati. Mnunuzi atajuaje?

Kwa manjano. Ndiyo, manjano ya jikoni, haya ya kutia kwenye pilau na mchuzi. Manjano yakilowekwa kwenye spiriti na kuchujwa, maji yake yakapakwa kwenye ubao uliokatwa katikati, yakakauka, kisha ikapakwa spiriti iliyotiwa asidi ya hidrokloriki na asidi ya salisiliki, penye boroni panageuka pekundu. Pasipo na boroni panabaki njano. Maabara za mbao duniani zinatumia kipimo hiki. Asidi ile inaunguza, kwa hiyo afanye mtu aliyefundishwa, mwenye glavu na miwani. Lakini matokeo kila mtu anayaona kwa macho yake. Kata ubao katikati, si kwenye ncha! Ncha huwa nyekundu hata kwa mvivu. Katikati ndipo ukweli ulipo. Ombi langu kwenu wenye maduka: wekeni kipande chekundu juu ya kaunta, na mteja achague ubao wowote kwenye lundo ukatwe mbele yake.

Nataka pia tuongee kidogo juu ya miti tunayoidharau. Malesia, miti ya mpira ikizeeka na kuacha kutoa utomvu, ilikuwa inakatwa na kuchomwa kuni. Ubao wake ni mweupe, mzuri, lakini una wanga mwingi na bungua wanaushambulia ndani ya siku chache. Walipoanza kuutia borati kwa presha na kuukausha mara moja, ukawa samani zinazouzwa dunia nzima. Mti uleule wa kuni! Na sisi tuna mpira Kihuhwi, Muheza. Tuna mikaratusi, ambayo nyie huita milingoti, ambayo ile sehemu nyeupe ya nje inaliwa na bungua wakati kiini kinabaki. Na tuna mianzi. Mnaijua mianzi kuliko mimi, mnaigema ulanzi. Utamu huohuo mnaoupenda nyinyi, bungua naye anaupenda, ndiyo maana mwanzi uliokatwa wakati wa mvua hugeuka unga haraka. Toboa vifundo vyote vya ndani kwa nondo ndefu yenye ncha, uloweke ukiwa mbichi kwenye boraksi na asidi ya boriki wiki moja au mbili, uukaushe kivulini. Kiti cha mwanzi kikiwekwa ndani ya nyumba kitadumu miaka mingi. Vijana mnaotafuta kazi, hapa pana kazi.

Jambo moja zaidi kuhusu mchwa wa ardhini. Borati haimfukuzi. Inamuua akila. Anaweza kujenga njia ya udongo juu ya ubao wenye dawa na kupita kwenda kwenye ubao usio na dawa. Kwa hiyo ukitia dawa kenchi, tia na papi. Tia na fremu. Na msingi wa nyumba utibiwe peke yake. Ukikata ubao baada ya kutia dawa, paka tena penye mkato.

Na usalama. Borati si sumu kali kwa mtu kama aseniki, hilo ni kweli. Lakini Umoja wa Ulaya umeiweka asidi ya boriki kwenye kundi la kemikali zinazoweza kudhuru uzazi, na sisi tuna miili ileile. Glavu, barakoa wakati wa kumimina unga, nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto. Mama mjamzito asikae kwenye pipa. Sufuria ya dawa isirudi jikoni kamwe, na ubao wenye dawa usiwe mwiko, kibao cha kukatia nyama wala kinu. Mabaki ya pipa msiyamwage kwenye mfereji wala shambani: ile boroni inayosaidia parachichi kwa gramu chache, ikizidi inaunguza majani na kuua mti. Yatumieni kuchanganyia pipa linalofuata. Na anayetaka kuuza mbao kama mbao zenye dawa atumie bidhaa iliyosajiliwa kwa kazi hiyo, aulize TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu. Mfuko wa mbolea una boroni, ndiyo, lakini nyingine zimechanganywa na vitu vingine na hazikusajiliwa kwa mbao. Mteja akidhurika, utajibu nini?

Nimeshasema ya kutosha, na nje tangi limeshapashwa moto, kipimajoto kinasoma nyuzi 54. Niliomba kila mwenye mashine aje na ubao mmoja wa jana au leo, mbichi, ulioandikwa jina lake. Twendeni tuuzamishe. Tutapima uzito kabla na baada, kila mtu aandike namba yake mwenyewe. Lundo litafungwa kwa nailoni hapa hapa uani, nami nitarudi baada ya wiki nane na manjano na asidi. Tutaukata kila ubao katikati mbele ya wote. Mama uliyeleta mwanzi, uwe wa kwanza kwenye foleni, lile pipa refu ni la kwako.